Sahani ya Smaranda

Nianze na foleni, maana hata Smaranda mwenyewe akisimulia huanzia hapo. Ijumaa ile ya kuelekea Pentekoste nusu ya nchi ilikuwa imeamua kwenda kutembea, na wote walipita bonde la Prahova. Magari yalisimama toka Comarnic hadi Sinaia, jua linawaka, watu wameshuka wanavuta sigara barabarani, na Horia yuko kwenye usukani anaongea na mama yake kwa simu.

"Ndiyo, mama. Hapana, mama. Tumefunga dirisha, mama, upepo hauingii."

Smaranda alitazama milima akakaza meno. Miaka minne ya ndoa, na hii ndiyo safari yao ya kwanza ya wawili. Miaka minne wanaishi kwa mama mkwe, jengo letu hapa Ploiești, ghorofa ya tatu, mlango wenye pazia la shanga. Mama huyo jina lake Elisaveta, lakini sote tunamwita Bi Veta. Mimi sisemi watu vibaya, ila Bi Veta alikuwa mwanamke wa kuhesabu vijiko baada ya mkwe wake kuosha vyombo. Akipika, anampakulia mwanawe kwanza, kisha anajipakulia yeye, kisha anafunika sufuria. Smaranda afunue mwenyewe.

Na ile safari yenyewe ilikuwa imegombewa wiki nzima. Bi Veta alisema Jumamosi ya Wafu mtu hukaa kwao. Siku hiyo, kwa msiojua, wanawake wetu wanatoka kanisani na sahani mpya zenye koliva, ile ngano iliyochemshwa ikalainika, ikachanganywa na sukari na kokwa za jozi, na mshumaa umewashwa juu yake. Unampa jirani sahani, unataja jina la marehemu wako. Jirani anajibu, "Mungu amsamehe," na anakula. Kinacholiwa hapa kinamfikia aliyetajwa kule. Hayo tumeyakuta na tutayaacha, na hakuna mtoto wa kwetu asiyejua kujibu. Unamtia mtu kijiko mkononi, mdomo unajibu wenyewe.

Basi Bi Veta aligoma, akalia, akashika kifua. Halafu Alhamisi akabadilika ghafla. Nendeni wanangu, mkapumzike. Akampa Horia kopo la plastiki limefungwa kwa taulo jipya. "Hiki usikifungue leo. Keshokutwa mchana, nikiwa nagawa huku, na wewe ule huko, uniitikie kwa simu. Tusimwache marehemu wetu bila mwanamume wa nyumba." Horia akabusu mkono. Smaranda alifurahi mno kuondoka hata hakuuliza marehemu gani.

Mjini Sibiu, walikokuwa wanakwenda, walifika jioni, wamechoka, wamenuniana. Lakini chakula kina dawa yake. Walikaa kwenye kiwanja kikubwa, wakala supu ya utumbo yenye vitunguu saumu na krimu chachu, wakala ugali uliookwa na jibini ndani, wakanywa kidogo, na juu yao mapaa ya nyumba za Wajerumani wa zamani yanawatazama kwa yale madirisha yao kama macho yenye usingizi. Horia alianza kuchekesha. Akicheka anakuwa yule kijana aliyempenda, si yule wa "ndiyo mama". Smaranda akaona hapa hapa, nisipoweza leo sitaweza tena.

"Horia, nimepata nyumba."

"Nyumba gani?"

"Vyumba viwili, karibu na stesheni ya Kusini. Mwenyewe anatusubiri mpaka Jumanne. Mimi sirudi kula chakula kilichofunikwa, mume wangu. Ama tunahama wote, ama nahama peke yangu."

Horia alichezea kijiko. Ana tabia moja ya kuudhi, mtu huyu, hajibu jambo mpaka aligeuzegeuze pande zote. Ni la nani jengo? Maji yapo? Jirani wakoje? Smaranda alijibu yote huku roho iko juu. Mwishowe akasema, "Haya. Jumatatu tunamwambia mama."

"Tunamwambia au unaniachia mimi?"

"Namwambia mimi. Naapa."

Usiku huo Smaranda alilala usingizi wa mtoto.

Asubuhi aliamka na ladha tamu mdomoni. Hakuijali. Alishuka na Horia kunywa chai, na mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mnene mchangamfu aitwaye Dorina, alikuwa ameandaa meza. Sahani moja. Kikombe kimoja. Yai moja.

"Na mimi?" Smaranda akauliza.

Dorina alikuwa anammiminia Horia kahawa. "Umelala vizuri, kaka? Kitanda hakikukusumbua?"

"Dada, nimesema na mimi sijawekewa."

"Ah, samahani!" Dorina alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Akaleta sahani, lakini akaiweka upande wa pili wa meza ambako hakuna kiti. Horia alicheka mpaka kahawa ikampalia. Smaranda hakucheka. Alivuta ile sahani akala mkate wenye siagi, na siagi haikuwa na ladha ya siagi. Ilikuwa tamu. Sukari na jozi.

Wakaenda kupanda Mnara wa Baraza. Foleni tena, jua tena, watoto wanalia. Walipofika dirishani Horia akasema wawili, na msichana wa tiketi akampa moja.

"Wawili," Horia akarudia.

"Na huyo mwingine yuko wapi?"

"Hapa!" Smaranda alipiga kidirisha kwa kiganja. "Hapa, mimi! Umevaa miwani ya nini?"

Msichana alipepesa macho. Akatoa tiketi ya pili polepole, akimtazama Horia kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa. Juu ya mnara Smaranda hakuona mji wala milima, hasira zilikuwa zimempanda mpaka masikioni. Horia alimwomba mzee mmoja awapige picha. Akamkumbatia mkewe, wakatabasamu. Mzee alishika simu, akainamisha kichwa, akasema, "Sogea katikati, kijana. Mbona umejibana pembeni?"

"Huu mji una watu wa hovyo," Smaranda akasema wakishuka. "Wananifanyia makusudi."

"Nani akufanyie makusudi? Hawakujui hata jina."

"Kwa hiyo mimi ndiye kisirani?"

"Nini?" Horia alisema.

"Nimesema, mimi ndiye kisirani?"

"Eh? Hapana. Twende tukale."

Nyumba ya chakula ilikuwa chini ya Daraja la Waongo, meza ziko nje, imejaa. Kama mmewahi kusafiri kipindi cha sikukuu mnajua hali ile, mhudumu anakimbia, hakutazami, unapunga mkono mpaka bega linauma. Smaranda alipunga. Mhudumu, kijana mwenye kidevu cha mbuzi, alimletea Horia menyu, akaondoa uma na kisu vya upande wa pili, na kitambaa, na gilasi.

"Kaka! Wewe! Navitumia hivyo!"

Akaenda navyo.

"Horia, mwambie huyu mtu!"

Horia alikuwa anasoma menyu. Vidole vyake vilitembea juu ya mistari, midomo inachezacheza. "Nitachukua papanași," akasema, kana kwamba anajisemea, na kweli yakaja maandazi yale ya jibini, mawili ya moto, krimu inatiririka, jamu ya zambarau juu. Smaranda anayapenda kuliko kitu chochote. Horia anajua. Kila mara wanapoagiza, moja lake moja la mkewe. Alikula la kwanza. Akafuta mdomo. Akavuta sahani karibu, akala la pili.

Smaranda alimtazama. Hakuwa na njaa. Hapo ndipo alipotambua kitu cha kutisha kuliko njaa, kwamba hajala tangu ule mkate wa asubuhi lakini tumbo limejaa. Limejaa mpaka linauma. Ngano ilikuwa katika meno yake. Aliisikia kwa ulimi, punje laini, zilizochemka. Alitia kidole mdomoni akakitoa. Hakuna kitu.

Mwanamke mmoja akafika na mkoba mkubwa wa manunuzi. "Kiti hiki kina mtu?" akamwuliza Horia.

Horia alikitazama kiti. Alikitazama kwa muda. "Hapana," akasema. "Chukua tu."

Mwanamke akauweka mkoba mapajani mwa Smaranda.

Ulikuwa mzito. Ulikuwa na viazi. Smaranda alipiga ukelele, akasimama, viazi vikamwagika chini ya meza, na watu wakageuka kumtazama mwanamke wa mkoba. "Upepo huo," mtu akasema. Hapakuwa na upepo.

Alitoka mbio. Alipanda ngazi za daraja akikanyagwa, akisukumwa, watu wanampitia kama unavyopitiwa mlango ulio wazi. Alisimama ukingoni akatoa simu. Alimpigia dada yake: "Alo? Alo? Nani? Hakuna mtu." Alimpigia rafiki yake wa kazini, naye vilevile. Alilia kwa hasira, si kwa woga, woga ulikuwa bado. Mwisho akampigia Bi Lucreția.

Lucreția ni jirani yao wa mlango kwa mlango, mjane, mgonjwa wa sukari, mdomo wake hauna mlinzi, na hapendwi na Bi Veta hata kidogo. Alipokea mara moja.

"Nani?"

"Bi Lucreția, mimi Smaranda. Unanisikia? Tafadhali sema unanisikia."

Ikasikika sauti ya kiti kikiburutwa.

"Smaranda yupi?" Lucreția alinong'ona.

"Smaranda wa hapo mlangoni kwako! Wa Horia!"

"Ee Mama wa Mungu. Uko hai?"

"Niko Sibiu!"

"Mwanangu, nisikilize. Usikate simu. Nimeketi hapa na sahani yako mbele yangu."

Na akamweleza. Asubuhi Bi Veta alikuwa ametoka kanisani na kikapu, amevaa nguo nyeusi, macho yamevimba. Aligonga kila mlango wa ngazi ile, juu mpaka chini. Kila mlango sahani na mshumaa. Kwa mama Tudora wa ghorofa ya kwanza alitoa na ndara za bluu za kuvaa nyumbani, mwanamke yule akazivaa palepale. Kila mlango alisema, "Kwa Smaranda wetu." Watu walidhani ni bibi yake, au shangazi, nani anauliza siku kama ile? Walijibu Mungu amsamehe, wakala. (Mimi nilikuwa shamba kwa dada yangu. Nashukuru mpaka leo.)

"Mimi sijala kwa ajili ya sukari yangu," Lucreția alisema. "Wala sikujibu, labda ndiyo maana nakusikia. Nilizitambua zile ndara, Smaranda. Ni zako. Nikasema moyoni, huyu mwanamke anamtolea sadaka mtu aliye hai."

"Kwa nini? Nimemfanya nini?"

"Mwenye nyumba ya stesheni amepiga simu hapo kwenu. Amepokea yeye. Alinijia Jumatano anatetemeka kwa hasira, anasema utamwacha peke yake na kuta."

Smaranda alishika chuma cha daraja. Kilikuwa cha moto kwa jua na hakukisikia moto wake.

"Nifanye nini?"

"Waliokula wameshakula. Lakini mume bado. Mume akionja na akajibu, basi, umekwenda. Asipojibu, sadaka haina pa kwenda, inamrudia aliyeitoa. Bibi yangu alituambia hivyo. Je, Horia amepewa chochote?"

Smaranda aliliona mawazoni lile kopo. Taulo jipya. Alianza kukimbia kabla hajakata simu.

Horia hakuwa tena mezani. Smaranda alizunguka kiwanja kidogo, akapita chini ya tao, akaingia kiwanja kikubwa. Watu tele. Puto. Muziki. Bwana mmoja alitembea moja kwa moja mpaka akampiga kikumbo, akaomba radhi kwa nguzo. Smaranda alianguka. Akainuka. Miguu haikuwa na uzito. Akamwona.

Alikuwa kwenye benchi mbele ya kanisa, taulo limetandazwa magotini, kopo alilolitoa begini liko wazi. Simu iko pembeni yake, ameweka sauti ya nje kwa sababu mikono imenata. Kijiko kiko mdomoni.

"Umeonja?" ilikuwa sauti ya Bi Veta, laini, yenye asali.

"Nimeonja, mama. Nzuri sana."

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Basi itikia, mwanangu. Nimeitoa kwa Smaranda."

Smaranda alipiga magoti mbele yake. "Horia! Nitazame! Mimi hapa! Usijibu!" Alimziba mdomo kwa mkono. Aliisikia pumzi ya mumewe ikipita katikati ya kiganja chake. Horia alijipangusa midomo kwa mgongo wa mkono, kama anafukuza nzi, akatazama mnara uliokuwa nyuma ya kichwa cha mkewe.

"Mungu…" alianza.

"Horia!"

"Mungu a…" Akakuna sikio. "Kwa nani, mama?"

"Smaranda."

"Smaranda nani?"

"Itikia tu, mwanangu, chakula kinapoa."

"Koliva inapoaje, mama? Si ya baridi? Nauliza tu ni Smaranda gani. Ni yule shangazi wa Buzău?"

"Itikia."

"Maana yule wa Buzău jina lake Safta, nakumbuka vizuri. Au ni upande wa marehemu baba?"

Smaranda alikuwa analia chini pale. Miaka minne tabia hii ilimtia wazimu. Huwezi kumtuma Horia dukani bila kuulizwa mkate gani, wa lini, wa duka lipi. Sasa aliomba, uliza, mume wangu. Uliza tena. Uliza mpaka jioni.

"Horia, sema ninavyokwambia!"

"Usinigombeze, mama. Nitamwombeaje msamaha mtu nisiyemjua? Niambie ni nani wetu, nimwombee vizuri."

"Itikia!"

"Ni nani?"

"Mke wako, mpumbavu wewe!" Bi Veta alifoka mpaka njiwa waliokuwa chini ya benchi wakaruka. "Mkeo! Smaranda mkeo!"

Horia aliinua uso.

"Mke wangu," akasema taratibu. "Mke wangu si…"

Macho yake yalishuka. Yalipita kwenye nywele za Smaranda, kwenye paji la uso, yakatua. Yalimwona. Smaranda anasema ilikuwa kama mtu amekuvua gunia kichwani.

"Mbona umekaa chini?" Horia akauliza. "Mbona unalia? Nani amekuumiza?"

"Usijibu," alisema Smaranda. Sauti ilikuwa imekauka. "Ananitolea sadaka ya wafu. Usimjibu."

Horia alitazama kijiko. Akatazama kopo. Alikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza maishani mwake, yote aliyaona usoni mwa mkewe.

"Horia," ilisema simu. Asali ilikuwa imekwisha. "Umeshameza. Huwezi kuacha hivyo. Itikia, mwanangu. Itikia upesi."

"Mke wangu hajafa, mama."

"Nakuomba. Nakupigia magoti. Hujui unachonifanyia. Hor…"

Horia alikata simu. Akalisukuma kopo, ngano ikamwagika. Walikaa wameshikana pale juani, na watu wakapita wakiwazunguka, wakiwazunguka wote wawili.

Simu iliita tena. Horia akapokea, akaweka sauti ya nje tena, akasikiliza, akairudisha chini. "Hakuna mtu," akasema. "Kimya tu. Nadhani mtandao."

Simu ilikuwa kwenye sauti ya nje bado. Smaranda alikuwa akisikia kila neno. *Horia. Mwanangu. Mbona hunijibu? Nakusikia unapumua.*

Angeweza kumwambia. Hilo hajalificha, alimwambia Lucreția mwenyewe. Angeweza kusema, mama yako yuko kwenye simu. Lakini njaa ilimshika ghafla, njaa ya kweli, ya kuuma mbavu, na ladha ya jozi ilikuwa imetoka mdomoni, na alikuwa amechoka na yule mwanamke kuliko anavyoweza kueleza. "Mtandao," akasema. "Twende tukale." Mhudumu wa kidevu cha mbuzi alileta menyu mbili. Smaranda alikula papanași, sahani nzima, peke yake.

Jumatatu walirudi. Mlango wa pazia la shanga haukuwa umefungwa. Sufuria ya koliva iko jikoni, nusu, imekauka. Bi Veta hayupo. Polisi walikuja wakauliza jengo zima, na ikawa aibu, maana hakuna aliyeweza kusema alimwona lini mara ya mwisho. Mama Tudora alikuwa amevaa ndara za bluu na hakukumbuka amezipata wapi. Horia alizunguka hospitali zote, akabandika picha kwenye vituo vya basi, akalia mpaka akapungua.

Smaranda hakuzunguka. Siku ile ile ya kurudi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mama mkwe wake alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, nguo nyeusi, mikono juu ya meza.

"Mwambie niko hapa," Bi Veta alisema. "Mwambie, wewe. Wanapita tu. Siku mbili wanapita tu."

Horia aliingia akitafuta maji. Alilitua begi la safari mapajani mwa mama yake.

Smaranda alifungua mdomo kusema, akaufunga. Angesema nini, na nani angemwamini? Na yule mwanamke akikaa hivyo, hana mamlaka tena juu ya sufuria wala kijiko. Lo, mtu akikosewa sana ana kisasi kidogo ambacho hawezi kukiacha. Alichukua gilasi akampa mumewe maji.

Walihamia stesheni ya Kusini kabla ya majira ya baridi, mwenye nyumba alikubali kuwangoja. Vyumba viwili, vyeupe, jua linaingia. Horia alianza kucheka tena, kidogo kidogo. Jirani wa huko walisema ni mke na mume wanaopendana sana. Lucreția alikwenda kuwatembelea na keki ya hamira mkononi, akarudi hapa na uso mweupe, akaketi kwangu hata koti hakuvua.

Anasema nyumba ni nzuri. Anasema Smaranda amekonda, macho yameingia ndani, na alipika chakula kingi kupita kiasi. Meza ya watu wawili na viti vitatu. Horia alikuwa kwenye kochi anatazama mpira.

Lucreția alimfuata jikoni akamnong'oneza, "Kuna nini, mwanangu?"

"Mama mkwe ametufuata, na hapati usingizi," Smaranda alisema. "Ananiongelesha mimi tu. Toka asubuhi mpaka asubuhi. Chumvi nyingi, chumvi kidogo, mwanangu amevaa shati gani hilo. Zamani alikuwa anatoka hata kwenda sokoni. Sasa hana pa kwenda." Alikuwa anakata mkate huku machozi yanadondoka juu ya kisu. "Nilitaka nyumba isiyo na yeye, Bi Lucreția. Horia ndiye aliyeipata."

"Mtolee sadaka, apumzike."

"Nimejaribu. Nilisimama langoni na sahani, kule kwenu na huku. Nani atapokea? Wote wamesikia ya ile Jumamosi."

Ni kweli. Hata mimi nilimwona kupitia kioo cha mlango, ameshika sahani na mshumaa, na sikufungua.

Horia akaita kutoka sebuleni, "Chakula tayari? Nyumba imetulia sana leo, mnateta nini huko?" Wakaenda mezani. Lucreția, kwa uchovu wa ngazi na hofu, alijitupa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, kile cha katikati.

"Si hapo!" Smaranda alipiga kelele.

Lucreția aliruka kama aliyeungua. Horia alicheka, akasema mke wake siku hizi ana vituko, akamvutia mgeni kiti chake mwenyewe. Lakini Lucreția alikuwa ameshakalia. Ameniapia hapa kwangu, amenishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. Alikalia paja. Na mkono ukamshika kiuno, ukamsukuma taratibu, jinsi unavyomsukuma mtu aliyekukalia bila kukuona.